Nyumba za kupanga Malindi na unyevu usiokauka: chanzo ni nini, na nani wa kuwajibika?

#1 Mwanakombo_M

Salaam wanajamvi.

Naomba akili zenu, hasa mafundi na wanaojua sheria. Jirani yetu mmoja hapa Maweni ni mjane, umri umeshavuka sabini, na anapanga chumba kimoja kwa shilingi 2,500. Analea mjukuu mwenye pumu. Ukuta wa upande wa kitanda umelowa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno, mvua iwepo isiwepo. Ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe, na plasta inamomonyoka kama biskuti iliyochovywa chai. Godoro kwa chini lina madoa meusi. Wanalianika juani, siku chache harufu imerudi. Usiku mtoto analala ameketi, ameegemea mto, maana akijinyoosha hapumui.

Bati halivuji, nimeliangalia mwenyewe. Mwenye nyumba ameambiwa tena na tena, na jibu lake halibadiliki: "Kama haikufai, hama."

Basi nauliza. Huu unyevu unatoka wapi? Na yupo wa kumlazimisha mwenye nyumba arekebishe bila huyu mama kutupwa nje? Kwa nionavyo mimi, wanaoumia zaidi katika hizi nyumba ni wale wasioweza kuhama. Kijana mwenye kazi akichoka anabeba godoro lake anaondoka. Huyu mama aende wapi?

#2 KijanaWaMuyeye

Pole kwake. Si Maweni tu, huku Muyeye vyumba vya nyuma vyote ni hivyo hivyo. Nakaa hapa nisome majibu.

#3 FundiSabaki

Mwanakombo, huo unga mweupe ni chumvi. Gusa kidogo kwa ncha ya ulimi utajua.

Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini zilipigwa plasta kwa mchanga wa ufukweni kwa sababu ulikuwa wa bure, au ulichanganywa nusu kwa nusu na wa mto. Wengine waliukoroga kwa maji ya kisima cha chumvi. Chumvi ikishaingia ukutani haitoki. Inavuta maji kutoka hewani, na hewa ya Malindi unaijua, hasa kusi likianza kuvuma. Mchana ukuta unakauka kidogo, chumvi inajikusanya juu na kuipasua plasta. Usiku unalowa tena. Ndiyo maana unaona maji na bati ni zima.

Jambo la pili ni msingi. Juu ya msingi hutakiwa kulazwa ile karatasi nyeusi ya kuzuia maji, mafundi twaiita dipisii. Mwenye kujenga vyumba vya haraka vya kukodisha, hiyo ndiyo gharama ya kwanza anayoifuta. Bila dipisii ukuta unanyonya maji ya ardhini moja kwa moja.

Dawa: bandua plasta yote hadi kwenye jiwe, nusu mita juu ya pale unyevu ulipoishia. Sugua kwa brashi kavu, uache ukuta upumue majuma kadhaa, kisha upige upya kwa mchanga wa mto Sabaki na maji matamu. Asije mtu akapaka rangi ya mafuta juu. Itashika mwezi mmoja, halafu itavimba na kushuka vipande vipande.

#4 Langoni01

Fundi, chumvi sikatai. Lakini tatizo kubwa ni saruji yenyewe.

Huku Amu, mji wa Lamu, nyumba za mawe zimesimama mamia ya miaka, kuta za matumbawe zilizoungwa na kupigwa chokaa. Chokaa inaruhusu unyevu utoke. Ukuta unaingia maji, unatoa maji. Shida ilianza watu walipoona chokaa ni ushamba wakaanza kupiga saruji juu ya ukuta wa zamani. Maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu. Nimeona nyumba mtaani kwetu ambayo unyevu ulikuwa chini ya magoti, walipopiga saruji ukafika mabegani, na ncha za boriti zikaanza kuoza ndani ya ukuta.

Sasa nyumba kubwa hizo zinagawanywa, kila chumba mpangaji wake, na anayepewa chumba cha chini kisichoingia jua ni mtu mzima asiyeweza kupanda ngazi. Kwa hiyo namuelewa sana huyo mama.

#5 FundiSabaki

Nyinyi watu wa Amu kila ugonjwa dawa yenu chokaa. Ukuta wenu una upana wa kama mkono mzima. Vyumba vya Maweni ni jiwe la kuchimba la inchi sita au tisa, limeungwa kwa saruji toka siku ya kwanza. Chokaa utaiweka juu, na ndani ni saruji ile ile.

#6 NesiMstaafu

Habari zenu. Kabla ya kubishana kuhusu plasta, naomba kujua bafu liko wapi. Katika nyumba zetu za Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba huku na huku, bafu na choo huwa uani, na mara nyingi chumba cha mwisho kinagusana na bafu. Je, ni chumba hicho?

Na dirisha? Na huyo mama anapikia wapi?

Nauliza kwa sababu nimefanya kazi na watoto wa pumu kwa miaka mingi hapa pwani. Kuvu wa ukutani na kwenye godoro wanaamsha pumu, hilo halina shaka. Lakini mara nyingi si peke yao. Jiko la makaa chumbani siku ya mvua, koili ya mbu inayofuka usiku kucha kwenye chumba kisichopitisha hewa, mende, vumbi la plasta hiyo hiyo. Vyote vinaweza kuwa pamoja, na mtu akatibu kimoja akashangaa mtoto haponi.

Kwa sasa, kitanda kisiguse ukuta. Kivutwe hata kama nafasi ni ya kupita mkono tu. Na mtoto apelekwe kliniki, asiishie kununuliwa dawa ya kikohozi dukani.

#7 Mwanakombo_M

Nesi, umepatia. Ni chumba cha mwisho, na bafu liko nyuma ya ukuta ule ule. Linatumiwa na vyumba vinane. Bomba la kutolea maji limepasuka, maji yanamwagika uani na kutuama pale pale chini ya ukuta wake. Watu wameweka mawe ya kukanyagia.

Dirisha lipo moja, ila jirani wa nyuma amepandisha ukuta, umebaki upenyo wa shubiri mbili. Halifunguliwi kwa sababu ya harufu. Anapika ukumbini kwa makaa, na mvua ikipiga ukumbi unaingia maji, anaingiza jiko ndani. Koili anachoma kila usiku.

#8 Chiriku_wa_Shela

Basi jibu limepatikana, ni bafu! Mafundi wawili wamebishana bure.

#9 FundiSabaki

Bafu linaongeza, lakini lisingeleta unga mweupe hadi kiunoni. Nasimama na chumvi.

#10 BabaNeema

Mpelekeni huyo mwenye nyumba kwenye jopo la kodi. Wapangaji wote wanalindwa. Mimi duka langu lilitaka kupandishwa kodi kwa nguvu, nikaenda huko, mwenye jengo akatulia.

#11 WakiliMtaani

BabaNeema, nakurekebisha kidogo ili mama wa watu asipotee njia. Majopo ni mawili. La duka lako linatumia Sura ya 301, sheria ya maduka, hoteli na mikahawa. Nyumba za kuishi zina Sura ya 296, Sheria ya Kudhibiti Kodi, na hiyo haimlindi kila mpangaji. Inashika nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekaa miaka mingi bila kuguswa huku kodi zikipanda, kwa hiyo wapangaji wengi mjini wako nje yake. Muswada wa kuunganisha sheria hizi ulipelekwa bungeni 2021, lakini wapangaji hawakuiona sheria yenyewe.

Huyu mama yuko ukingoni kabisa. Kwa 2,500 yumo ndani. Sheria hiyo inafanya kuwa kosa kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumlazimisha ahame au alipe zaidi.

Kisha kuna Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 65. Mwenye kukodisha nyumba ya kuishi ana wajibu iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku ya kuingia na iendelee kufaa muda wote wa upangaji. Paa, kuta kuu, mifereji na sehemu za pamoja ni zake kuzitunza pale anapokodisha sehemu ya jengo. Bafu la vyumba vinane ni la pamoja. Na haijalishi kama hakuna karatasi iliyosainiwa, maana anayelipa kwa mwezi anahesabiwa kuwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, na kumtoa kunahitaji notisi ya mwezi mmoja.

Mkitaka njia isiyo ya mahakama, afisa wa afya ya umma ana nguvu chini ya Sura ya 242, Sheria ya Afya ya Umma. Jengo lililo katika hali ya kudhuru afya ni kero kisheria. Anaandika notisi, mwenye jengo asipotii anashtakiwa.

Na Katiba, ibara ya 43, imetaja makazi ya kutosha na viwango vinavyofaa vya usafi kuwa haki ya kila mtu.

#12 Mbeyu_K

Wakili, nimekusoma neno kwa neno na nashukuru. Sasa nisikilize na mimi.

Kakangu hatembei, anatumia kiti cha magurudumu. Tulimpangia chumba kwenye nyumba ambayo choo kilikuwa ngazi tatu juu, kwa sababu shimo lilikuwa karibu na uso wa ardhi wakainua sakafu. Ngazi tatu tu, lakini kwake ni ukuta. Mchana alisubiri mtu wa kumbeba. Usiku alitumia ndoo. Mtu mzima, baba wa watoto, alianza kukataa kunywa maji jioni ili asiwasumbue watu, mpaka akapata maradhi ya figo. Tulimwomba mwenye nyumba aturuhusu tumwage zege tufanye mteremko kwa pesa zetu. Alikataa, akasema wapangaji wengine watajikwaa.

Wakati huo huo shimo lilijaa likafurika uani. Wapangaji tukaenda kwa watu wa afya, wakaja, wakaandika notisi. Mnajua kilichofuata? Mwenye nyumba alisema sawa, nimeamriwa kurekebisha, tokeni wote. Tukatoka. Alichimba shimo jipya, akapaka rangi, akaweka vigae, na vyumba vikarudi sokoni kwa 4,500. Hakuna hata mmoja wetu aliyerudi.

Kwa hiyo sheria ilifanya kazi. Nyumba ikawa nzuri. Sisi tuliolalamika ndio tuliopoteza, na kakangu alipoteza zaidi kwa sababu kumtafutia chumba cha chini chenye choo cha kuingia na kiti si mchezo. Nikisikia "ripotini" huwa nashikwa na woga.

#13 KijanaWaMuyeye

Mbeyu, umenigusa. Mpe pole kakako.

Mimi niongeze upande wa sisi wa hotelini. Aprili watalii wakiondoka, vibarua tunaambiwa tukapumzike nyumbani hadi Julai. Miezi hiyo ndiyo ya masika, ndiyo bati linavuja, na ndiyo kodi inalimbikizana. Utamwambiaje mwenye nyumba arekebishe dari na wewe una deni lake? Mwenye deni hana kauli. Rafiki yangu alilalamika maji yanaingia chini ya mlango, akarudi jioni akakuta kufuli mpya na watoto wamekaa barazani kwa jirani.

#14 WakiliMtaani

Kufuli hiyo si halali. Kudai kodi kuna njia yake chini ya Sura ya 293, sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi ya nyumba, kupitia dalali mwenye leseni, na hata yeye kuna vitu hawezi kugusa. Kumfungia mtu nyumba na watoto wake nje ni kujichukulia sheria mkononi.

#15 KijanaWaMuyeye

Si halali, lakini usiku ule walilala wapi?

#16 MwenyeNyumba_Barani

Nimesoma kimya, sasa niruhusuni. Mimi nina nyumba ya vyumba vya kukodisha Barani na sipendi kuona wenye nyumba wote tunawekwa kapu moja.

Nilijenga kwa mkopo wa chama na kiinua mgongo. Vyumba viwili kila mwaka vinakaa na wapangaji wasiolipa. Bomba la bafu nimelibadilisha, likavunjwa tena kwa sababu watu wanatupa nguo na mifupa humo. Kamba ya kuanikia imefungwa kwenye mfereji wa bati, bati limeng'oka. Chumba cha watu wawili wanalala sita, shimo lililopaswa kukaa miaka linajaa upesi. Juu ya hayo serikali inakata asilimia 10 ya kodi. Nikitengeneza kila kitu kama mnavyotaka, 2,500 haitoshi. Nikipandisha, mtaniita dhalimu.

Huyo anayesema "hama" amekosa adabu, simtetei. Mtu mzima hajibiwi hivyo. Ila hesabu ni ngumu.

#17 Salma_Hesabu

Ami, kwa heshima. Ushuru wa mapato ya kodi ulikuwa asilimia 10, ukashuka hadi 7.5 tangu Januari 2024. Na unaanza pale mapato ya kodi yanapofika shilingi 288,000 kwa mwaka. Chukua nyumba ya huyo mama: vyumba vinane kwa 2,500 ni 20,000 kwa mwezi, 240,000 kwa mwaka. Haifiki. Kama hiyo ndiyo nyumba yake pekee, ushuru huo haumgusi.

#18 MwenyeNyumba_Barani

Asante kwa marekebisho, mwanangu. Mimi vyumba vyangu ni zaidi ya hivyo, kwa hiyo unanigusa.

#19 MtuWaKisumuNdogo

Wote mnazungumzia mwenye nyumba kama kwamba ana nyumba. Ulizeni ardhi ni ya nani.

Hapa kwetu na sehemu nyingi za pwani, mwenye kuta si mwenye ardhi. Hatimiliki ya eneo iko kwa mtu mwingine tangu enzi za ile sheria ya hati za ardhi ya 1908, na mwenye nyumba anamlipa kodi ya kiwanja. Ni ile habari ya nyumba bila ardhi, Mombasa wanaijua vizuri zaidi. Mwenye ardhi hataki ujenge cha kudumu, maana siku akiuza atadaiwa fidia. Benki haikupi mkopo bila hati. Sasa nani atabandua plasta na kulaza dipisii kwenye nyumba anayoweza kuambiwa aing'oe?

Babangu alijenga kwa udongo na boriti si kwa sababu hakujua mawe. Aliambiwa asijenge mawe. Leo hizo nyumba zimefunikwa saruji nyembamba kwa nje, ndani ni udongo, na mvua kubwa za mwisho wa 2023 zilizishusha kuta ngapi! Waliokuwa ndani walikuwa wapangaji.

#20 Mwanakombo_M

Hilo sikuliwaza. Ila huyu wa kwetu, watu wanasema ana hati.

#21 Chiriku_wa_Shela

Watu wa Maweni wanajua hati ya kila mtu mjini.

#22 MamaPacha

Jamani na kunguni je? Nimehama vyumba viwili nikidhani nawakimbia, kumbe nawabeba kwenye kitanda cha mbao. Kuna anayejua dawa ambayo haitaumiza watoto?

#23 NesiMstaafu

MamaPacha, maji yanayochemka kwenye maungio ya kitanda, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto yakaanikwe jua kali. Rudia, maana mayai yanabaki. Usinyunyize dawa ya shambani chumbani, tafadhali sana. Watoto wanaletwa hospitali kwa hiyo.

Nirudi kwenye lile dimbwi la uani. Maji machafu yanayotuama na mashimo ya choo yasiyofunikwa ndiyo makazi ya mbu anayeeneza matende na mabusha huku kwetu. Si yule wa malaria, huyu anapenda uchafu. Kwa hiyo bomba la bafu si jambo la huyo mama tu, ni la vyumba vinane na majirani zao.

Na wazee wanaolala chini ya bati lisilo na dari. Februari na Machi hicho chumba hakipoi hadi alfajiri. Mtu anayetumia dawa za presha zinazopunguza maji mwilini, ndani ya joto hilo, anazimia. Nimewaona wakiletwa familia ikidhani ni kiharusi. Hata makuti yaliyotandazwa chini ya bati yanasaidia.

#24 FundiSabaki

Makuti ndani ya chumba chenye jiko la makaa na nyaya zilizounganishwa kwa nailoni? Nesi, hapo sikubaliani. Moto wa makuti hautoi nafasi ya kutafuta viatu. Bora dari ya plaiwudi, au bati lipakwe rangi nyeupe kwa juu.

#25 NesiMstaafu

Rangi nyeupe nakubali. Plaiwudi nani atamnunulia?

#26 Salma_Hesabu

Mwanakombo, huyo mama anapata Inua Jamii, ule msaada wa serikali kwa wazee? Umri umefika.

#27 Mwanakombo_M

Anapata, shilingi 2,000 kwa mwezi, na huwa zinakuja kwa kuchelewa. Kodi ni 2,500. Kwa hiyo msaada wote unapita mikononi mwake na kuingia kwa mwenye nyumba, na bado anatafuta 500 juu. Anauza mabuyu na achari ya embe mlangoni pa shule. Maji ya bomba yakikatika ananunua kwa mkokoteni, mtungi shilingi 20, na uhaba ukizidi 50. Hebu nijibuni, ataanzia wapi kutafuta dipoziti ya chumba kingine? Kila chumba kikavu nilichomuulizia wanataka kodi ya miezi miwili mkononi.

#28 Langoni01

Kama ni hivyo, chama cha jirani kifanye kazi. Fundi Sabaki yuko, mchanga tuchange. Mimi natuma chokaa kutoka Amu.

#29 FundiSabaki

Leta hiyo chokaa, nitakupigia kiraka kimoja kando uone. Kazi yangu siku moja naitoa bure kwa ajili ya huyo mama. Mchanga na saruji tuchange.

#30 Mbeyu_K

Nawapongeza wote kwa moyo huo. Lakini jueni mnachofanya. Mtatengeneza chumba cha mwenye nyumba kwa jasho na pesa za watu maskini. Kikishapendeza atapandisha hadi 3,500, na lile jopo la wakili halimlindi tena. Mmemtengenezea mtu mwingine.

#31 WakiliMtaani

Hofu ya Mbeyu ni ya kweli. Ndiyo maana kabla ya kugusa ukuta iwepo karatasi: gharama ni hizi, zitakatwa kwenye kodi kwa miezi kadhaa, na kodi haitapanda. Asaini mbele ya mzee wa mtaa. Pigeni picha za ukuta, bafu na godoro zikiwa na tarehe. Jumbe za M-Pesa za kodi zisifutwe. Na barua isitoke kwa mama peke yake, itoke kwa vyumba vyote vinane. Mmoja akilalamika anafukuzwa, wanane wakilalamika nyumba inabaki tupu.

Na asiache kulipa kodi akisubiri marekebisho. Akilimbikiza deni atampa mwenye nyumba sababu safi ya kumtoa. Akitaka kupandisha kodi kwa hila, lile jopo la nyumba za kuishi litasikiliza, na hapa Malindi Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo.

#32 Mbeyu_K

Sisi tulikuwa sita, wakili. Wawili walikuwa na deni, mmoja binamu wa mwenye nyumba, mwingine hana kitambulisho. Tuliobaki kusaini tulikuwa wawili.

#33 MwenyeNyumba_Barani

Hilo la kukata gharama kwenye kodi mimi nimewahi kulikubali kwa mpangaji wangu, na lilinisaidia, maana sikuwa na pesa mkononi. Dada Mwanakombo, kama huyo bwana anaswali msikiti ambao naufikiria, nitafute faragha. Nitazungumza naye mtu mzima kwa mtu mzima. Sitaji jina hapa.

#34 MtuWaKisumuNdogo

Ami, Mungu akuzidishie. Lakini haki ya mtu kupumua isitegemee mwenye nyumba anaswali wapi.

#35 BabaNeema

Na tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Huyo mama hana mshahara wala payisilipu, je, atafikiriwa?

#36 Chiriku_wa_Shela

BabaNeema, fungua uzi wako wa hilo, tutakesha huko. Hapa tumalize ukuta.

#37 Mwanakombo_M

Taarifa fupi. Fundi Sabaki alikuja, shukrani nyingi. Kitanda tumekivuta. Koili tumeiondoa, Nesi amepata chandarua cha mtoto. Fundi alichokonoa plasta sehemu mbili. Karibu na bafu jiwe linatiririsha maji kabisa. Upande wa mlangoni, mbali na bafu, ni unyevu na unga mweupe bila maji. Ami wa Barani ameongea na mwenye nyumba, akaambiwa "nitaangalia." Barua ina saini za vyumba vitano.

#38 FundiSabaki

Mmeona? Kule mlangoni hakuna bafu, na ukuta umelowa. Chumvi.

#39 Langoni01

Kule mlangoni kuna saruji pande zote mbili. Maji ya bafu yamesafiri ndani ya ukuta yakakosa pa kutokea. Bomba lirekebishwe kwanza, subirini miezi miwili ndipo muanze kubandua.

#40 NesiMstaafu

Miezi miwili mtoto alale wapi?

#41 Mwanakombo_M

Kwa sasa analala kwetu. Bibi yake hataki kuacha chumba peke yake, anaogopa akitoka usiku mmoja atakuta kufuli.

#42 Zuhura_Watamu

Salaam. Mimi ni mgeni hapa, nimefuata huu uzi kutoka juu. Sisi Watamu tunapanga ghorofani, na juu yetu kuna slabu. Vipande vya saruji vimeanza kudondoka na nondo zinaonekana zimevimba kutu. Mwenye nyumba alizipaka rangi. Hii nayo ni mchanga wa bahari? Kitanda cha wanangu kiko chini yake.

#43 FundiSabaki

Zuhura, hamisha hicho kitanda sasa hivi, usingoje kesho. Kisha gonga slabu kwa mpini wa fagio, taratibu, ukisimama mlangoni. Inalia nzito au inalia wazi? Na nondo zinaonekana kwa urefu gani? Nitumie picha kabla ya rangi kama unayo.